Usilipe ada ya kusogeza tarehe: mimi nililipa mara tisa na deni likabaki palepale

Mleta mada, umeandika kwamba mkopo wako wa kusubiri mshahara unaiva Ijumaa, kwamba mkopeshaji amekushauri ulipe ada peke yake ili akusogezee tarehe kwa wiki mbili, na umeuliza pia kama sheria kali zitawafungia milango wasio na dhamana, ni wapi pengine unaweza kukopa, na kama kuchelewa kutachafua taarifa zako za mikopo. Naanza na hilo la ada, kwa sababu nilipolisoma kidonda changu kilitoneshwa. Usilipe.

Mimi nilikopa kwa masharti ya kawaida ya biashara hii, yaani ada ya 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili. Nilipokwama, mhudumu wa dirishani aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, kwamba nilipe hiyo 15 tu ili nipumue. Nikapumua mara tisa. Stakabadhi zote ninazo ndani ya bahasha, na chini ya kila moja kuna mstari ulioandikwa "salio la deni la msingi", na katika zote tisa tarakimu ni ileile: 100. Nilikuwa nimetoa 135 ndani ya miezi minne na siku kadhaa, na nilichonunua ni ruhusa ya kuendelea kudaiwa. Tafadhali msinicheke sana, kwa kuwa mimi ndiye ninayewasahihishia watoto wangu hesabu za asilimia. Kwa mwaka mzima ada hiyo ni asilimia 390, lakini nani atakutajia mwaka ilhali mkopo unauzwa kwa lugha ya wiki mbili?

Kisha nikafanya busara ya mwisho: nikakopa 115 kwa mkopeshaji wa pili ili kumfunga wa kwanza, naye akatoza ada juu ya ile ada. Kwa kuwa nilikuwa nimetia saini idhini ya kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti, siku ya mshahara fedha ziliingia alfajiri na zikatoka kabla sijapiga mswaki.

Yule mhudumu sijamsamehe. Mkopo unaosogezwa humwingizia mkopeshaji fedha nyingi kuliko mkopo unaolipwa, kwa hiyo huruma yake ilikuwa na bei, na bei hiyo aliijua yeye peke yake. Mwenzangu wa kazini aliyenipeleka pale alinihakikishia kwamba kila mtu anafanya hivyo, na kweli ilikuwa hivyo, ndiyo maana kufikia katikati ya mwezi sote tulikuwa tunakopeshana nauli.

Kuhusu sheria, wanaodai kwamba udhibiti humwonea mnyonge wananiudhi. Uingereza iliweka ukomo wa kusogeza mara mbili kuanzia Julai 2014, na Januari 2015 ikaamuru kwamba riba na ada zisizidi asilimia 0.8 ya mkopo kwa siku, wala gharama zote kwa jumla zisizidi kiasi kilichokopwa. Kwa kanuni hizo ada yangu ya 15 isingevuka 11.2, na mara ya tatu kupeleka fedha dirishani mhudumu angelazimika kunikatalia. Nchini Marekani, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vinavyosimamiwa na serikali kuu viliruhusiwa mwaka 2010 kutoa mikopo midogo kwa riba isiyozidi asilimia 28 kwa mwaka, bila ruhusa ya kusogeza. Inawezekana, basi, kumkopesha mtu mdogo bila kumkausha damu.

Kilichoniokoa ni barua ya nusu ukurasa. Niliwaandikia wale wa mkopo wa pili kwamba sitalipa tena ada yoyote ya kuongeza muda, nikaomba deni la msingi ligawanywe katika marejesho manne ya mshahara, na siku hiyohiyo nikaenda benki kufuta idhini ya makato. Walininunia wiki nzima, kisha wakakubali. Umesema tarehe yako ni Ijumaa: barua ipeleke Jumatano, na usiondoke dirishani bila nakala yenye mhuri.