Kabla Hujaniuliza Ununue Mashine Gani

Barua za upimaji ardhi safari hii ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza kitu kimoja: ninunue mashine ya kampuni gani. Hizo nimeziweka kando. Nimejibu zinazouliza kazi.

Mwalimu, nafungua ofisi. Kwa viwanja na barabara ndogo, nichukue totali stesheni (mashine ya kupimia pembe na umbali) ya sekunde 1 au ya sekunde 5? Bei zimepishana mno.

Chukua ya sekunde 5, na fedha itakayobaki usiile. Piga hesabu mwenyewe; sekunde hapa ni ya pembe, sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Sekunde 5 kwenye mita 200 ni kama milimita 5; sekunde 1 kwenye umbali huohuo ni milimita 1. Unachotaka kulipia ni milimita 4. Sasa shika fimbo yako ya prizimu, kile kioo kinachorudisha mwale wa mashine, iwe na kimo cha mita 2, na pimamaji yake iwe imepotoka nusu digrii tu, jambo la kawaida kabisa kwa fimbo inayorushwa nyuma ya gari kila jioni. Prizimu imehama milimita 17. Hapo mashine yako ya sekunde 1 inapima kwa ustadi mkubwa mahali ambapo bikoni, alama ya mpaka, haipo.

Kukagua pimamaji ya fimbo hakuhitaji fundi. Isimamishe kwa miguu yake ya kuegemea, lete kiputo katikati, kisha zungusha fimbo nusu mzunguko juu ya ncha yake bila kuihamisha. Kiputo kikikimbia, rudisha nusu ya safari yake kwa skrubu za pimamaji na nusu kwa miguu, halafu rudia mpaka kitulie kila upande. Ni kazi ya asubuhi moja kabla ya kwenda saiti, na ofisi nyingi hazijawahi kuifanya tangu fimbo itoke dukani.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: ile namba ya sekunde kwenye katalogi, inapotolewa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 17123-3, ni ya mwelekeo uliosomwa kwa nyuso zote mbili, kushoto na kulia, yaani darubini ikigeuzwa na kulenga mara ya pili. Anayesoma uso mmoja akaondoka asijivunie katalogi. Kwa fedha iliyobaki nunua stendi nzito ya mbao au faibaglasi, maana ile ya alumini ni nyepesi begani lakini hujipinda jua linapoipiga upande mmoja. Ongeza tribraki ya akiba, kile kitako kinachofunga mashine juu ya stendi. Siku utakayopewa kazi ya kufuatilia kama bwawa au daraja linasogea, njoo tuzungumze sekunde 1.

Simu yangu inaonyesha kodineti (namba za mahali) zenye desimali sita. Naweza kurudishia nazo bikoni zilizong'olewa?

Hapana. Desimali ni za skrini. Simu yenyewe inakosea kwa mita kadhaa hata mahali peupe. Itumie kufikia eneo la kuanzia kuchimba, basi. Na wewe ni mtu wa ngapi kuniuliza hili tangu mwaka uanze, sijui.

Nimepima mistari ileile kwa mashine yangu na ya mwenzangu. Kila mstari unapishana sentimita 3, uwe wa mita 20 au wa mita 300. Ipi mbovu?

Pengine zote nzima. Tofauti isiyokua na umbali hutoka kwenye prizimu: mmoja wenu ameweka konstanti, namba ya kusahihisha umbali, ambayo si ya prizimu aliyoishika. Nyingi zilizoko kazini ni za 0 au za milimita −30, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kuna na mtego wa pili. Leica huihesabu prizimu yake ya kawaida ya duara kuwa 0, lakini prizimu hiyohiyo ukiitumia na mashine za wengine inakuwa −34.4. Kwa hiyo ukiazima prizimu, uliza kwanza ilikuwa inafanya kazi na mashine gani.

Msibishane, pimeni. Wekeni alama tatu, A, B na C, kwenye mstari mmoja ulionyooka, mahali tambarare. Pimeni AB, BC na AC kwa prizimu moja bila kugusa mipangilio. Tuseme mmepata 40.213, 60.118 na 100.361. Vipande viwili vinajumlika kuwa 100.331, pungufu ya mstari mzima kwa 0.030. Kosa limeingia mara mbili kwenye vipande na mara moja kwenye mstari mzima, kwa hiyo tofauti hiyo ndiyo kosa lenyewe: kila umbali mliosoma ni mfupi kwa milimita 30. Mtu ameacha −30 ndani ya mashine huku prizimu mkononi ni ya 0. Mkimpata mwenye kosa, mpeni rangi na brashi aandike konstanti mgongoni mwa kila prizimu ya ofisi.

Kama tofauti ingekuwa inakua kadiri mstari unavyorefuka, ningeshuku halijoto na mgandamizo wa hewa. Ukikosea nyuzi 10 za Selsiasi unabeba karibu milimita 10 kwa kila kilomita. Fungua ukurasa wa mipangilio ya hewa sasa hivi. Nashuku utakuta namba ileile iliyotoka kiwandani.

Droni itaua totali stesheni?

Haitaua. Droni isiyo na alama za udhibiti zilizopimwa ardhini hutoa picha za kupendeza tu, na hizo alama utazipima kwa nini?

Niko mwaka wa pili. Naomba jina la kitabu kimoja kitakachonitosha maisha yote.

Kimoja hakipo, na anayekwambia kipo anakuuzia. Lakini vichache vinatosha. Cha kuanzia ni *Elementary Surveying* cha Ghilani na Wolf, kwa sababu kinaeleza makosa yanatoka wapi kabla ya kukupa kanuni za kuyaondoa. Ukielekea barabara, madaraja na majengo, *Engineering Surveying* cha Schofield na Breach kitakufaa zaidi. Siku utakapochoka kugawa kosa la traversi (mlolongo wa mistari iliyopimwa) kwa mikono na kutaka kuelewa programu inafanya nini inapokwambia kazi imepita, tafuta *Adjustment Computations* cha Ghilani. Ni kigumu. Soma na kalamu mkononi, fanya mifano yote, la sivyo utabaki na jalada tu.

Usiogope matoleo ya zamani yanayouzwa kwa bei ya karatasi. Usawazishaji wa leveli haujabadilika, pembe hazijabadilika. Sura za setilaiti ndizo zinazochakaa, na hizo usome toleo jipya.

Kwa projeksheni za ramani, njia za kulaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, kuna *Map Projections: A Working Manual* cha John P. Snyder, kilichotolewa mwaka 1987 na idara ya jiolojia ya Marekani, USGS. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao, kihalali. Kina kanuni zote na mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua, kwa hiyo ukiandika programu yako unaweza kuijaribu dhidi ya namba zake. Nashangaa wanafunzi wanaokwenda kuiba vitabu mtandaoni huku hiki cha bure hawajakifungua.

Halafu kuna vitabu viwili ambavyo hakuna anayeviuliza. Cha kwanza ni mwongozo wa mashine yako, ule uliobaki ndani ya boksi na nailoni yake. Cha pili ni sheria ya upimaji ya nchi yako pamoja na kanuni zake. Katika nchi nyingi jiwe la mpaka lililowekwa mwanzoni, likikutwa mahali pake, lina nguvu kuliko umbali ulioandikwa kwenye ramani, na mpima asiyejua hilo hung'oa jiwe la haki ili hesabu zake zifunge. Kitabu cha trigonometria hakitakuokoa mahakamani.

Kodineti zinatoa mita 999.60 kati ya bikoni mbili. Mashine inasoma 1,000.00. Mteja anasema nimemwibia sentimita 40. Nimrudishie?

Hakuna kilichoibiwa. Tumelisema hili humu mpaka tumechoka: UTM, mfumo wa kodineti za ramani, ina kipimo (skeli) cha 0.9996 kwenye meridiani ya kati, mstari wa katikati ya ukanda wake, yaani kila kilomita ya ardhini inaandikwa pungufu kwa sentimita 40. Ukisogea kama kilomita 180 kutoka meridiani hiyo kipimo kinakuwa 1, kisha kinapita. Namba zako zinaniambia mko karibu na meridiani ya kati na karibu na usawa wa bahari. Mngekuwa kwenye nyanda za juu, tuseme mita 1,500, mngepoteza sentimita nyingine kama 24, kwa sababu umbali hushushwa kwanza hadi kwenye elipsoidi, umbo laini la hesabu linalosimama badala ya dunia.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine. Kagua kama kontrola yako, ile kompyuta ya mkononi ya saiti, haijawashwa kuweka kipimo hicho huku programu ya ofisini nayo inakiweka. Kikiingia mara mbili, hapo mteja atakuwa na haki ya kulalamika. Na ukimpa mkandarasi kodineti za UTM bila kumwambia, atakata vyuma vya daraja kwa urefu wa ramani.

Rova inaandika fiksi, ila vimo vyote vinapishana na bechimaki kwa mita 17.

Rova yako, kipokezi cha setilaiti cha kubeba, inasoma kimo cha elipsoidi. Kimo cha bechimaki, alama yenye kimo kinachojulikana, huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, yaani jeoidi, ambayo duniani hushuka hadi kama mita 106 chini ya elipsoidi na kupanda hadi kama mita 85 juu yake. Pakia modeli ya jeoidi iliyoidhinishwa kwenu. Kama haipo, EGM2008, modeli ya dunia nzima, itakufikisha karibu, kisha funga kwenye bechimaki kadhaa zilizozunguka eneo lako la kazi, si moja iliyo jirani na gari.

Umelitaja neno fiksi, yaani rova kudai imepata mahali kwa usahihi kamili, kana kwamba ni muhuri wa serikali. Fiksi ya uongo ipo, hasa kando ya kuta, mabati na miti mikubwa. Pima alama inayojulikana kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na pointi zenye uzito zirudie baada ya saa moja au mbili, setilaiti zikiwa zimehama.

Tepu bado ina kazi?

Inayo, ikiwa ya chuma na haijawahi kukatika ikaungwa. Chuma husomwa sahihi kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 35 tepu ya mita 30 imerefuka milimita 5, kwa hiyo inasoma pungufu. Ya plastiki ni ya kupimia mitaro. Na angalia sifuri iko wapi, kwenye pete au ndani ya utepe, kabla ya kumlaumu msaidizi wako.

Mbali na mashine, begi la mpima liwe na nini?

Timazi na uzi wake, nyundo, misumari, rangi ya kupuliza, panga, koleo dogo, fulana ya kuakisi. Daftari lenye jalada gumu na penseli ngumu ya 3H au 4H, kwa sababu wino wa kalamu hukimbia mvua ikinyesha. Kosa kwenye daftari likatwe kwa mstari mmoja na namba mpya iandikwe juu yake. Ufutio ubaki nyumbani. Kontrola ikifa betri, utalishukuru daftari.

Na stafu, fimbo ya kusomea vimo, ya alumini ya mita 5 isipite chini ya nyaya za umeme ikiwa imesimama. Iteremshe, uivushe, uisimamishe upya. Kwenye maeneo yenye nyaya nyingi tumia ya faibaglasi, tena kavu. Hukuuliza, lakini anayeishika si wewe, ni kijana wa kibarua ambaye hakuna aliyemweleza.

Nimepata totali stesheni iliyotumika, ina cheti cha kalibresheni cha mwaka huu. Nilipe?

Cheti kinaeleza hali ya mashine siku ile mezani. Hakijui kama jana yake ilianguka kwenye pikipiki. Nenda na tochi, penseli na mtu wa kukushikia prizimu.

Mulika lenzi kwa pembeni: nyuzinyuzi kama utando ni kuvu, na kuvu haliondoki kwa kufuta. Kisha lenga kitu chenye ncha kali umbali wa kama mita 100, usome nyuso zote mbili. Pembe za mlalo zipishane digrii 180, za wima zijumlike 360. Tofauti ndogo isiyobadilika si tatizo, menyu ya mashine huirekebisha. Rudia mara nne au tano. Ikiwa tofauti inabadilika kila unaporudia, kuna kitu kimelegea ndani, achana nayo. Fanya na lile jaribio la A, B na C nililoeleza juu.

Sasa tribraki, maana ndiyo inayouzwa kama nyongeza bila mtu kuitazama. Kama ina darubini yake ya kulengea chini, ifunge kwenye stendi, chora ukingo wake kwa penseli juu ya kichwa cha stendi, isawazishe, utie nukta ardhini mahali msalaba unapoangukia. Ilegeze, igeuze theluthi ya mzunguko, ikae ndani ya mchoro uleule, sawazisha tena, tia nukta. Mara ya tatu vivyo hivyo. Nukta zikiangukia pamoja ni nzima. Zikitengeneza pembetatu, msalaba uelekezwe katikati ya pembetatu hiyo kwa skrubu zake, au dai upunguziwe bei.

Linganisha namba ya mashine na ya kwenye risiti ya kwanza ya ununuzi, kwa sababu mashine za wizi huzunguka sana na wewe ndiye utakayekutwa nayo. Yote haya yanaisha ndani ya asubuhi moja. Muuzaji akikwambia hana muda wa kukusubiri, mrudishie boksi lake.