Swali la Lugha: Alikufa "na" Kuhara au Alikufa "kwa" Kuhara?

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Morogoro. Naandaa kijitabu cha historia ya uuguzi kwa ajili ya wanafunzi. Niliandika hivi: "Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wagonjwa milioni 6 wa jeshi la Kaskazini waliandikishwa, na askari wengi zaidi walikufa na kuharisha kuliko waliokufa na risasi." Kijana anayenisaidia kuhariri amefuta "wagonjwa" akaweka "visa", amefuta "na" akaweka "kutokana na", na neno "kuharisha" amelipigia mstari mwekundu bila maelezo. Nani kati yetu amekosea? Tena, kwenye orodha ya magonjwa ya askari wale nimekuta "nostaljia". Huo nao ni ugonjwa? Niutafsirije?

JIBU: Shikamoo mama. Sentensi yako ni moja lakini ina mitego minne, na kijana wako ameona mmoja na nusu. Nianze na hiyo milioni 6, maana hapo sarufi haina kosa ila hesabu inagoma.

Jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani iliyopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, kwa miaka yote minne ya vita, 1861 hadi 1865, halikuwahi kuwa na watu milioni 6. Waliopita mikononi mwake ni kama milioni 2 na ushei. Sasa hao wagonjwa milioni 6 wametoka wapi? Wametoka kwenye daftari. Kila asubuhi tarumbeta ilipolia, askari waliojisikia vibaya walijipanga mbele ya hema la daktari wa kikosi. Akaandikwa jina, kombania yake, ugonjwa wake, na alikoelekezwa: huyu arudi kazini, yule apumzike hemani, mwingine apelekwe hospitali. Mwisho wa mwezi daktari alijumlisha kwa jina la ugonjwa: waliohara kadhaa, wenye homa kadhaa, wenye surua kadhaa. Majina ya watu yakabaki kikosini, tarakimu zikapanda ngazi hadi Washington, ofisini kwa daktari mkuu wa jeshi. Baada ya vita zikakusanywa katika majuzuu sita makubwa yaliyotoka kati ya 1870 na 1888. (Za Kusini hatunazo kwa ukamilifu huo, kwa sababu nyaraka za ofisi yao ya tiba ziliteketea kwa moto Richmond, mji mkuu wao, Aprili 1865.)

Kwa hiyo kijana wa Ohio aliyehara Machi, akashikwa na homa Juni, akahara tena Agosti, kwenye jumla ya Washington ni watatu. Hili huhitaji kufundishwa na mimi. Umejaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za vituo vya afya, miaka na miaka, unajua kwamba mahudhurio siyo watu, na ndiyo maana hudhurio la kwanza na la marudio hutenganishwa. "Mgonjwa" ni mtu mwenye jina na mama yake. Ukiandika "wagonjwa milioni 6", msomaji anaona vichwa milioni 6.

Je, "visa" ya kijana wako inatuokoa? Nusu. Wakati wa korona vyombo vya habari vya Kenya vilitangaza "visa vipya" kila siku na watu wakaelewa, wakati huku kwetu tulizoea zaidi kusikia "wagonjwa wapya". Sina ugomvi na "visa vya ugonjwa", ilimradi "ugonjwa" usibanduliwe. Ukiacha "visa" peke yake, msomaji wa Morogoro atawaza mambo mawili: kibali cha kuingia nchi za watu, au visa vya mke mwenza. "Visa milioni 6 vya jeshi la Kaskazini"! Jeshi gani hilo lenye vituko? Na "kesi" ndiyo usiiguse kabisa, hiyo ina hakimu.

Mimi ningechukua neno dogo ambalo nyinyi wawili mmelipita: "mara". Askari wa Kaskazini waliandikwa kuugua takriban mara milioni 6. Basi. Mtoto wa darasa la saba ataelewa kwamba mtu mmoja anaweza kuugua mara tatu.

Umeona nimeandika "waliandikwa", siyo "waliandikishwa". Huo mtego kijana hakuuona. Kwenye habari za jeshi, kuandikishwa ni kuingizwa jeshini. "Wagonjwa waliandikishwa" maana yake walikwenda kuwatoa watu vitandani wakawavika sare.

Sasa tuje kwenye "na" na "kwa", ambako ndiko penye utamu. Kiunganishi "na" kina kazi nyingi, lakini baada ya kitenzi "kufa" kazi yake ni kuonyesha kilichokuwa pamoja na marehemu. "Mzee amekufa na siri yake." "Amekufa na deni." Deni halikumuua, alikuwa nalo tu. Anayeua huja na "na" pale kitenzi kinapokuwa katika kauli ya kutendwa: ameuawa na malaria, ameshikwa na homa, amepatwa na ndui. Kitenzi kikiwa "kufa" tu, sababu huletwa na "kwa": alikufa kwa ndui, alikufa kwa risasi. Yapo machache yanayoingia bila kiungo chochote, kama kufa njaa, kufa kiu, kufa maji, lakini hayo ni ya kurithi na hayaongezeki ovyo. Hatusemi "kufa ndui".

Usidhani ninapasua unywele. Kwa watu wa vita ile, tofauti ya "na" na "kwa" ilikuwa na bei ya pesa. Sheria ya pensheni ya 1862 ilimpa mjane haki endapo mumewe alikufa kwa jeraha au kwa ugonjwa alioupata jeshini. Chukua askari aliyerudi nyumbani akiwa na kuhara sugu, akaishi miaka kadhaa amekonda kama ufito, kisha akafa. Alikufa kwa kuhara kule, au alikufa nako, kilichomwua kikiwa kingine? Jibu lilitafutwa kwenye daftari la asubuhi ya tarumbeta. Madai yalikuwa mengi mno, ikabidi madaftari ya hospitali yanakiliwe kwenye kadi, kila kadi na jina la askari, ili karani aweze kumpata mtu haraka. Zile tarakimu zilizopoteza majina zikaanza kurudishiwa majina, moja moja.

Nyaraka na pensheni hizo zilishughulikiwa, kati ya majengo mengine, katika ile iliyokuwa Ford's Theatre, ukumbi alimopigiwa risasi Rais Lincoln mwaka 1865. Juni 1893 sakafu za jengo hilo ziliporomoka saa za kazi, na makarani 22 wakafa kwa kuangukiwa na sakafu. Tazama hapo viungo vyote viwili vilivyokaa mahali pake: "kwa" inaleta sababu ya kufa, "na" inamleta mtenda wa "kuangukiwa".

"Kutokana na" aliyoiweka kijana si kosa. Ila ni ya taarifa ya habari, na imezoea kubebeshwa kila mzigo. Pale "kwa" inapotosha, iache "kwa" ifanye kazi.

Kabla sijafika kwenye kuharisha, niguse ukweli wa sentensi yenyewe, ingawa hukuniuliza. Kuhara na kuhara damu ndiyo yaliyoongoza kwa kuandikwa, zaidi ya mara milioni moja na nusu, na yaliua zaidi ya askari 40,000 wa Kaskazini. Lakini waliouawa vitani pamoja na waliokufa baadaye kwa majeraha ni kama 110,000. Kwa hiyo kuhara peke yake hakukuzishinda risasi. Kilichozishinda, kwa takriban mara mbili, ni maradhi yote yakiwekwa pamoja: kuhara, homa ya matumbo, nimonia, surua, ndui na mengineyo. Kwa askari weusi, waliokuwa kama 180,000 na waliohesabiwa katika majedwali ya peke yao, hali ilikuwa mbaya zaidi: kwa kila mmoja aliyekufa kwa silaha, takriban kumi walikufa kwa maradhi. Wanafunzi wako wasikose mstari huo.

Na hapo kuna tahadhari ya neno. Ukichukua jumla ya askari wa Kaskazini waliokufa kwa sababu zote ukasema "waliokufa vitani ni 360,000", Mswahili ataona bunduki. Vitani ni mahali pa kupigania. Aliyekufa kwa homa juu ya godoro la majani hospitalini hakufia vitani, alikufa wakati wa vita. Wala usimwite majeruhi: majeruhi ana jeraha.

Haya, kuharisha. Mstari mwekundu wa kijana una sababu, ingawa angekuwa na adabu ya kuieleza. Kwa asili mgonjwa "anahara", na kinachomsababishia "kinamharisha", kama vile mtu anacheka na mwingine anamchekesha. Lakini Tanzania nzima tunasema "mtoto anatapika na kuharisha", na wewe umeisikia zahanati kila siku ya Mungu. Imeshakubalika mdomoni, na mimi simsahihishi mama aliyebeba mtoto anayeumwa. Kenya wengi watakuambia "anaendesha", na huko hawasemi gari.

Ila katika kijitabu chako hasa, tofauti hiyo unaihitaji. Dawa waliyoipenda madaktari wengi wa wakati ule ni kalomeli, unga mweupe wa zebaki, na kazi yake kubwa ni kusafisha tumbo. Yaani askari anayehara alipewa dawa ya kumharisha. Alimiminika mate, fizi zikavimba, wengine meno yakang'oka. Mei 1863 daktari mkuu wa jeshi, William Hammond, aliiondoa kalomeli kwenye orodha ya dawa za jeshi, na madaktari wenzake wakamchukia kwa hilo. Mwaka uliofuata alishtakiwa mahakama ya kijeshi kwa mambo ya ununuzi wa vifaa, akafukuzwa. Sasa jaribu kuisimulia habari hiyo ukiwa na "kuharisha" moja tu kwa mgonjwa na kwa dawa. "Askari waliokuwa wakiharisha waliharishwa"? Andika: askari walihara, na dawa ikazidi kuwaharisha. Msomaji anacheka na kusikitika kwa pamoja, kama inavyostahili.

Jambo jingine dogo, kwa kuwa nimeona unatafsiri orodha yote. Ukikuta "malaria" kwenye karatasi za 1862, isome polepole. Vimelea vya malaria vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na mbu alithibitishwa 1897. Kwa madaktari wale neno hilo lilimaanisha hewa mbaya ya kwenye vinamasi, ndiyo maana yake ya Kiitaliano. Homa zenyewe waliziandika kwa namna zinavyorudi: kila siku, siku moja baada ya nyingine, na kadhalika. "Homa ya vipindi" inakaa vizuri hapo kuliko "malaria". Kuna daktari mmoja, Joseph Woodward, aliyeona homa hizi na homa ya matumbo zinachanganyikana, akabuni jina la kuziunganisha, nalo likawekwa kwenye fomu za jeshi. Jina likishakuwa na mstari wake kwenye fomu, madaktari walilijazia maelfu ya askari. Baadaye ikaonekana hakuna ugonjwa wa peke yake wa namna hiyo. Lakini wewe litafsiri kama lilivyo, "homa ya matumbo yenye malaria", uongeze maelezo mafupi. Usiwasahihishie daftari lao.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari wa Kaskazini waliandikwa kuugua takriban mara milioni 6, na waliokufa kwa maradhi walikuwa kama mara mbili ya waliokufa kwa silaha." Kuhara uipe aya yake yenyewe, ina mengi.

Nostaljia ilikuwa ugonjwa kweli, angalau kwenye karatasi. Neno lilibuniwa mwaka 1688 na daktari Johannes Hofer, aliyewaeleza Waswisi waliodhoofika ugenini kwa kukumbuka kwao. Madaktari wa Kaskazini waliliandika zaidi ya mara 5,000, na makumi ya askari wakaandikwa kuwa wamekufa kwalo: hawali, hawalali, wanaitaja nyumba tu. Dawa iliyosifiwa ni ruhusa ya kwenda nyumbani. Nimeona watu wakitafsiri "hamu ya nyumbani", lakini hamu haiui, hata ya pilau mtu anakuwa nayo. "Upweke" nao haufai, kwa sababu kambini watu walibanana. Kiswahili kina neno ambalo wazee walilitumia kwa mtu anayeondokewa na kitu cha moyoni mwake akadhoofika hadi akafa: kihoro. Andika "kihoro cha nyumbani". Na kwa kuwa umeuliza viungo: alikufa kwa kihoro. Hakuna aliyewahi kusema "alikufa na kihoro".