Makopo matatu yenye namba

Swali la juma hili la jarida lilikuwa hili: tunapofunga safari ndefu ya gari na watoto, tunawaandalia chakula gani cha nyumbani, na tunafanyaje ili wakifurahie? Ninajibu kama mzazi wa watoto wawili, wa kiume mwenye miaka tisa na wa kike mwenye miaka sita, ambao wamekuwa wakila njiani tangu walipoanza kuketi wenyewe.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba furaha ya mtoto imo katika mapambo. Nilikuwa nikiamka alfajiri kukata mkate kwa umbo la nyota na kuyatia mayai macho ya karoti, na baada ya mwendo wa saa moja nyota zilikuwa zimekatika pembe na macho yamedondoka chini ya viti. Watoto walikula, lakini hawakuwa na la kusema juu yake. Siku hizi naona kwamba mtoto hukifurahia chakula cha safari anapojua kuwa ni chake, kwamba mkono wake umo ndani yake, na kwamba kina wakati wake wa kufunguliwa.

Kwa hiyo kila mtoto ana makopo matatu madogo ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, ambayo nimeyaandika 1, 2 na 3 kwa kalamu ya wino usiofutika. La kwanza lina vitu vyepesi na hufunguliwa baada ya saa ya kwanza ya mwendo. La pili ndilo mlo wenyewe, nalo halifunguliwi mpaka gari limesimama na sote tumeshuka. La tatu ni la saa ya mwisho, ile saa ambayo ndugu wawili hugombana kwa sababu mmoja ameegemea upande wa mwenzake. Kilomita hazina maana kwa mtoto wa miaka sita, lakini makopo anayahesabu bila kukosea, na anaponiuliza kama tumefika humjibu kwamba bado, ila la pili limekaribia, naye huridhika.

Kopo la tatu lina sharti lake: kila mmoja humfungia mwenzake, kwa siri. Jioni ya kuamkia safari ninaweka mezani vitu sita au saba nilivyokwisha kuvikubali mwenyewe, kama vile vipande vya jibini, matango, mayai ya kuchemsha, biskuti za shayiri nilizooka na matunda, kisha wanachagua humo kwa zamu huku mwingine akiwa nje ya jikoni. Safari moja kijana wangu alifungua la kwake akakuta vipande vya tufaha vilivyopangwa kama miale ya jua, na juu yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake dada yake alikuwa amechora gari letu likiwa na vichwa vinne madirishani, na kichwa chake yeye kikiwa kikubwa kuliko vyote. Alikula vipande vile kimoja kimoja, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Kuhusu kinachofaa kutiwa ndani, niseme kwanza habari ya kichefuchefu, kwa kuwa ndicho kinachoharibu safari nyingi. Kizunguzungu cha safari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili, nacho hutokea kwa sababu sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unakwenda, ilhali macho yaliyoinamia kitabu au simu yanauambia kwamba umetulia. Chakula chenye mafuta mengi, au shibe kubwa kabla ya kuondoka, huzidisha hali hiyo. Niliwahi kuwapa kuku wa kukaanga na viazi vya kukaanga muda mfupi kabla ya barabara ya milimani, na binti yangu akatapika kwenye kona ya tatu. Tulisimama kandoni, nikamvua nguo na kumfuta kwa taulo moja tuliyokuwa nayo, naye akilia akiomba msamaha, jambo lililonichoma kuliko uchafu wenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kopo la kwanza ni la vitu vikavu na visivyo na harufu kali, kama mkate uliokaushwa na vipande vya tufaha nilivyovipitisha kwenye maji ya limau ili visiwe vyeusi. Ninawataka pia watazame mbele na wale kidogo kidogo. Tumbo tupu kabisa nalo si dawa.

Mlo wa kopo la pili hukaa saa nyingi kabla ya kuliwa, na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Vijidudu vya chakula huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo nyama, mayai, jibini au wali uliopikwa havifai kukaa bila ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likizidi nyuzi 32, isizidi saa moja. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda kupita hapo kwa dakika chache tu. Ninatumia sanduku la barafu, lakini badala ya kununua barafu ninagandisha chupa za maji ya kunywa usiku kucha, bila kuzijaza hadi shingoni, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na kupasua chupa. Baadhi ya chupa huzipanga juu ya makopo, kwa sababu hewa baridi hushuka. Sanduku lililojaa hubaki baridi kuliko lililo nusu tupu, na zile chupa zikiyeyuka ndizo maji yetu ya mchana. Chakula chenyewe hukaa kwenye friji usiku mzima kabla ya kuingizwa humo, maana sanduku huhifadhi ubaridi tu, halipoozi chakula cha moto.

Ikiwa mnapenda sandwichi, pakeni siagi hadi ukingoni mwa slesi zote mbili, kwani mafuta yake huzuia maji yasipenye kwenye mkate, na nyanya zifungwe peke yake ziingizwe wakati wa kula. Sisi siku hizi tunapendelea kimanda chembamba kilichoviringishwa na mboga ndani na kukatwa vipande vya kushikika kwa vidole viwili. Watoto hukiviringisha wenyewe kikishapoa. Huo ndio upishi ambao hata wa miaka minne anaumudu.

Wazazi wa watoto wadogo zaidi nawaomba sana jambo moja. Mtoto aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma anaweza kupaliwa bila dereva kusikia chochote, kwa sababu aliyezibwa koo hawezi kulia. Zabibu nzima, njugu, bisi, peremende ngumu na karoti mbichi zilizokatwa miviringo visiwe mikononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitano garini. Zabibu ninazigawa mara nne kwa urefu, na karoti ninazichemsha kidogo nikazikata vijiti. Gari likiwa linakwenda hakuna anayekula nyuma ila mtu mzima akiwa ameketi nao. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali hata kidogo, hata iliyo ndani ya biskuti za kutengeneza nyumbani.

Mengine ni madogo: taulo mbili, mfuko wa taka, kitambaa chenye maji, nguo moja ya akiba kwa kila mtoto. Tunapofika, kazi ya kwanza ya watoto ni kuyaosha makopo yao na kuyaanika, kwa kuwa njia ya kurudi ina makopo matatu vilevile, na binti yangu huwa ameshaanza kumficha kaka yake atakachomfungia.