Nimeomba na Bado Naumia: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimenigusa sana. Wengi wenu hamuulizi kama Mungu yupo. Mnauliza mbona amenyamaza. Na wengi mmeumia mara mbili: kwanza kwa jaribu lenyewe, kisha kwa maneno ya wapendwa waliokuja kuwafariji. Nimechagua barua nane na majina nimeyaondoa.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwanangu wa miaka minne alifariki mwezi wa tatu. Tulifunga, tuliomba, wazee walimpaka mafuta. Sasa dada mmoja wa kwaya ameniambia kwamba ningekuwa na imani ya kutosha mtoto angepona. Je, nimemwua mwanangu kwa kukosa imani? (Mama, Iringa)

Pole sana, mama yangu. Jibu ni hapana. Soma neno hilo tena kabla hujaendelea.

Elisha alifufua mtoto wa Mshunami, na yeye mwenyewe akafa kwa ugonjwa (2 Wafalme 13:14). Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Timotheo, mwanawe katika imani, aliugua tumbo mara kwa mara. Hakuna mahali Paulo anaposema vijana hao walipungukiwa imani. Taabu yake mwenyewe, aliyoiita mwiba katika mwili, aliiombea mara tatu, na jibu lililokuja lilikuwa “Neema yangu yakutosha.” Mwiba ukabaki.

Sasa tazama upande wa pili. Yule baba wa Marko 9 alimletea Yesu mtoto wake huku akilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Imani yake ilikuwa nusu, na alilikiri hilo mbele za watu. Mtoto wake akapona. Kama uponyaji ungepimwa kwa wingi wa imani ya mzazi, huyo angerudi nyumbani mikono mitupu.

Utauliza, basi kwa nini wangu hakupona? Ayubu aliuliza hivyo hivyo. Sisi wasomaji tunajua yaliyosemwa mbinguni katika sura ya kwanza na ya pili, lakini Ayubu hakuambiwa hata mwisho wa kitabu. Mungu alimjia, akasema naye, akamrudishia heshima mbele ya rafiki zake, na sababu hakumpa. Sitajifanya nimepewa mimi. Ninachokijua ni kwamba Martha na Mariamu wote wawili walimwambia Yesu, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa,” naye hakumkemea hata mmoja wao. Alilia pamoja nao, hali alijua atakalolifanya dakika chache baadaye.

Huyo dada wa kwaya, usibishane naye peke yako. Mwombe mzee wa kanisa au mama mchungaji akae naye. Na ninyi viongozi mnaosoma hapa, maneno kama hayo yakisemwa usharikani kwenu, yasahihisheni waziwazi, maana mama aliyezika mtoto hana nguvu za kujitetea.

Ni dhambi kumlalamikia Mungu? (Mwanafunzi, Eldoret)

Si dhambi. Soma Zaburi ya 13: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Kisha soma ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa kufariji, na Roho Mtakatifu hakuona haja ya kuuongeza. Bwana wetu mwenyewe msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22.

Waisraeli jangwani walikosea kwingine. Walinung’unika mahemani mwao, wakapanga kumchagua akida awarudishe Misri. Wewe ukiwa na uchungu, upeleke kwake. Mtu anayemlilia Mungu saa nane za usiku, hata kwa hasira, bado anaamini kuna anayesikia.

Shalom mtumishi. Nilimaliza chuo mwaka 2021. Nimeitwa kwenye usaili mara nyingi, ajira hakuna. Yeremia 29:11 nimeubandika ukutani na kila Januari ninaahidiwa kwamba huu ni mwaka wangu. Nimechoka. (Kijana, Dodoma)

Usiubandue, ila soma barua yote ulimotoka. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, na mstari wa 10, ulio juu tu ya huo unaoupenda, unataja miaka 70. Wazee wengi walioisikia ikisomwa hawakuishi kuona kurudi. Mawazo ya amani ambayo Mungu aliwawazia yalikuwa ya kweli, na yalikuwa marefu kuliko umri wa msomaji mmoja.

Sura ya nyuma yake kuna nabii aitwaye Hanania. Yeye alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Naamini alishangiliwa sana. Yeremia alimjibu “Amina, Bwana na afanye hivi,” kisha akamwambia ukweli: Bwana hakukutuma. Ndugu yangu, wanaokuahidi kila Januari wanafanya kazi ya Hanania, na uchovu unaousikia unatoka kwenye ahadi zao. Mungu hakukupa tarehe.

Alichowaagiza mateka kiko mstari wa 5 hadi wa 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mliomo. Kwa hiyo kama kuna kufundisha twisheni, kusimamia duka la mjomba, kuendesha bodaboda au kulima mboga, shika kwa moyo wote, na maombi ya ajira endelea kutuma. Kuna kijana usharikani kwetu aliyekataa kazi ya kuhesabu mifuko ya saruji stoo kwa kuwa “anamsubiri Bwana” na shahada yake. Nilimwambia Danieli aliitumikia ofisi ya mfalme aliyemteka, na akaitumikia vizuri.

Nina kisukari, natumia insulini. Mtumishi mmoja amesema nikiendelea kuchoma sindano namkana Mungu aliyeniponya. Niache? (Baba, Mwanza)

Usiache. Choma sindano yako leo jioni kama ulivyoelekezwa. Mtu anayetegemea insulini akiiacha, sukari hupanda, damu inajaa asidi, na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Hezekia aliahidiwa na Mungu miaka 15 zaidi, kwa kinywa cha Isaya. Isaya huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwapo na dawa ikawekwa. Luka, aliyetuandikia Injili na Matendo, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Kama Mungu amekuponya kweli, vipimo vya hospitali vitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dozi.

Tumekwisha kuona mwisho wa mafundisho ya namna hii. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu, wakiwamo watoto. Walikuwa wanampenda Mungu, hilo sina shaka nalo. Mtu anayekutaka uuthibitishe upendo wako kwa kuuangamiza mwili wako, ondoka kwake. Na ukitaka kufunga, baba, zungumza na daktari kwanza.

Shadraka, Meshaki na Abednego walitoka tanuruni wazima. Kwa nini wengine Mungu anawaacha wauawe? (Mwalimu, Bukoba)

Vijana wale hawakujua kwamba watatoka. Walimwambia mfalme kwamba Mungu aweza kuwaokoa, wakaongeza, “Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako.” Imani yao ilikuwa imekwisha kamilika kabla moto haujawapa jibu. Waebrania 11 nayo inawataja waliofunga vinywa vya simba, halafu katikati ya mstari wa 35 inageuka: “lakini wengine waliumizwa vibaya.” Wote wamo katika orodha moja, na wote wanasifiwa kwa imani.

Ninyi wa Bukoba mko jirani na mfano. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na watu kutoweka. Tarehe 16 mwezi huohuo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Hakutoka tanuruni. Lakini miaka miwili baadaye Amin alikimbia nchi, na kanisa lililozoea kuimba chini ya bunduki liliendelea kuimba. Kwa mke wake na watoto, hilo halikumrudisha baba nyumbani, na sitaki kulipamba. Ninasema tu kwamba Mungu hakumwacha askofu huyo zaidi ya alivyomwacha Stefano.

Mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Nina deni la kikundi. Nimebakiwa na mbuzi wanne, naambiwa niwauze, nitoe fedha madhabahuni kama “mbegu” ili mbingu zifunguke. (Mkulima, Kongwa)

Usiwauze kwa ajili hiyo. Soma 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa manabii alikuwa na deni, na mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimwuliza, “Una nini nyumbani?” Alikuwa na chupa ya mafuta. Mafuta yalipoongezeka, nabii hakuchukua hata kibaba. Alisema, “Enenda, uyauze mafuta haya, uilipe deni yako,” na yanayosalia ule wewe na watoto wako. Mtumishi wa Mungu akikukuta na deni, hivyo ndivyo anavyofanya. Watakutajia mjane aliyetoa sadaka ya senti mbili, riziki yake yote. Waombe wasome pia Marko 12:40, mistari michache tu nyuma yake, Yesu anapowahukumu wanaokula nyumba za wajane.

Sadaka toa unapokuwa nacho, kwa furaha. Mbuzi ni akiba ya nyumba yako. Nenda kwa mwenyekiti wa kikundi kabla ya tarehe ya rejesho, si baada yake, ueleze shamba lilivyokuwa, muombe marejesho yasogezwe. Ikibidi kuuza mbuzi mmoja kulipa, huyo ameuzwa kwa haki. Msimu ujao sehemu ya shamba weka mtama au uwele, maana Kongwa yenu mnaijua.

Na jioni ukikaa kuangalia yale mabua, Habakuki ana wimbo wa mkulima: “Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda.” Anataja mzeituni, mashamba, zizi, vyote vitupu, kimoja kimoja, hafichi kitu. Ndipo anasema, “Walakini nitamfurahia BWANA.” Naupenda sana mpangilio huo. Kwanza alihesabu hasara yake yote, kwa sauti, mbele za Mungu.

Nafanya kazi za ndani hapa Muscat. Sipewi siku ya kwenda kanisani. Naomba jikoni usiku watu wakilala. Mungu ananisikia? (Dada kutoka Mombasa)

Anakusikia, mwanangu. Mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina alikuwa Hajiri, mjakazi wa kigeni aliyeteswa na Sarai, bibi aliyemtumikia. Alimwita, “Wewe Mungu unionaye.” Aliyasema hayo akiwa jangwani, kando ya chemchemi, bila madhabahu wala kuhani.

Siku utakayopata ruhusa, eneo la Ruwi lina makanisa na utakutana na Waafrika wenzako. Na kama unapigwa, unanyimwa mshahara au umenyang’anywa pasi, waambie nyumbani na uutafute ubalozi wenu. Kuvumilia mateso ambayo unaweza kuyatoka si sharti la imani.

Rafiki yangu amefiwa na mume. Naogopa kwenda kwa sababu sina la kusema. Nimtumie mistari gani? (Dada, Arusha)

Mistari iache kwanza. Nenda.

Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Makosa yalianza walipofungua vinywa. Walimtetea Mungu kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu mwenyewe akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ayubu, aliyelia na kudai kesi yake isikilizwe. Kwa hiyo usimwambie “kazi ya Mungu haina makosa.” Yeye akilisema mwenyewe, itikia amina. Usimwekee wewe kinywani. Na usimwambie asilie.

Msibani watu watakuwa wengi, na wewe osha vyombo. Kazi yako kubwa inaanza turubai likishushwa, viti vya kukodi vikipakiwa kwenye kirikuu, na ndugu wakipanda mabasi yao. Wiki hiyo nyumba inakuwa kimya na simu zinapungua. Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na dhiki yao ina karatasi nyingi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, benki. Mjane anapanga foleni zote hizo akiwa hajalala. Panga naye. Mbebee bahasha, mnunulie maji, mkumbushe kula. Muulize hati za kiwanja na kadi za benki ziko wapi, mkaziweke salama mapema, kabla hajatokea wa kuzidai. Watoto wapeleke shule siku anazoshindwa kuamka. Akikuomba mstari, msomee Zaburi ya 13, na usiruke mistari ya mwanzo.