Fantasia tulivu si ya watoto

Mkuu, unasema fantasia tulivu (cozy fantasy), yaani hadithi za uchawi zisizo na vita vikubwa, ni vitabu vya watoto. Hapana, si vya watoto. Angalia Legends & Lattes cha Travis Baldree, Mmarekani: mamluki wa kike, tena zimwi, anachoka kupigana, anatundika upanga na kufungua mgahawa wa kahawa kwenye mji ambao watu hawajawahi hata kuionja. Sehemu kubwa ya hadithi ni ukarabati, kuajiri watu na kusubiri wateja. Mtoto gani atajali hayo? Mwandishi alikitoa mwenyewe Februari 2022, kampuni ya uchapishaji ya Tor wakakichapa upya Novemba, na 2023 kikawania Hugo, tuzo ya hadithi za fantasia na sayansi ya kubuni, kundi la riwaya bora.

Utamu wenyewe ni kwamba uchawi upo, ila kinachoweza kupotea ni biashara au urafiki, siyo dunia nzima. Ukishakaa foleni ya Mbagala jioni, vita vya majoka vya nini tena?

Ila hatari haikosekani, humo kuna genge linalodai hela ya ulinzi. Na kabla hujampa wa darasa la nne, pitia kwanza, baadhi ya vitabu vya aina hii vina mapenzi ya wakubwa.