Si kila ugonjwa ni mawazo

Barua nyingi za safari hii kutoka hapa Lamu zauliza jambo moja kwa sura tofauti: tabia ya mtu na roho yake humuuguza vipi? Nimechagua chache. Zile za "nina mawazo, nipe dawa", zisizotaja umri, muda wala dalili, nimeziweka kando, nanyi mwajua kwa nini.

Shikamoo daktari. Baba yetu ni nahodha, mtu wa hasira tangu ujana. Presha yake ni 170 kwa 100. Ndugu zangu wasema asipoacha hasira hatapona. Dawa aliacha, maana kichwa hakimuumi tena. – Binti, Langoni

Marahaba mwanangu. Hasira mmeiweka mbele na dawa mkaitaja mwisho; mimi ningepindua. Mtu akikasirika presha hupanda, kisha akitulia hushuka. Hiyo 170 anayoamka nayo kabla hajagombana na yeyote ni habari nyingine: umri, urithi, uzito, chumvi, pengine figo. Na presha haibishi hodi kwa kichwa kuuma. Wengi huijua siku ya kiharusi.

Hizi hadithi za hasira na moyo zina asili yake. Mwaka 1959 madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, waliandika kwamba mtu wa pupa, mshindani, asiyeweza kungoja, huugua moyo kuliko mpole. Baadaye wanaume zaidi ya 3,000 wakafuatiliwa, na baada ya miaka 8 na nusu wale wa pupa walionekana kuugua karibu mara mbili ya wenzao. Dunia nzima ikashika neno hilo. Walipofuatiliwa hadi miaka 22, vifo vya moyo havikuandamana tena na tabia ile. Nayo makampuni ya sigara ya Marekani yalimwaga fedha kwenye utafiti wa namna hii. Moyo ukilaumiwa kwa tabia, sigara huponyoka. Kilichobaki na uzito kidogo ni chuki ya kudumu, ya mtu anayemwona kila mwenzake adui.

Mrudisheni hospitali, dawa zianze upya chini ya macho ya daktari, na ng'onda na achari zipungue kwenye sinia. Hasira zake za chomboni mwachieni.

Nina alsa, nimeambiwa ni mawazo ya mume. Nikiachika itapona? – Mkomani

Ya talaka muulize kadhi. Alsa nyingi zaletwa na bakteria, na hili si jipya: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua mapema miaka ya 1980. Walipobishiwa, Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Chanzo cha pili ni vidonge vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, mnavyovinunua dukani kwa mgongo na magoti na kuvimeza na chai kavu. Mawazo huzidisha maumivu, sikatai. Lakini kapime kwanza. Akionekana bakteria, kuna antibiotiki na dawa ya asidi za kummaliza. Ukiona choo cheusi tititi, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Muguka wanitulizia mawazo. Kuna ubaya? – Kijana, Mokowe

Muguka ni miraa: wakunyima usingizi, na asubuhi mawazo yarudi na wenzake.

Dada yangu ana uvimbe kwenye titi. Wazee wasema ni kinyongo alichofungia moyoni, asamehe kwanza. – Faza

Hukusema uvimbe una muda gani, na hilo ndilo la kwanza ningeuliza. Watu karibu 60,000 wa Sweden na Ufini walifuatiliwa kwa miaka mingi, matokeo yakatoka mwaka 2010: hakuna tabia ya moyo, uchangamfu wala wasiwasi, iliyoonekana kuleta saratani. Anayemwambia mgonjwa kuwa amejiletea mwenyewe amemwongezea ugonjwa wa pili. Kusamehe ni jambo jema, naye aweza kusamehe akiwa ndani ya boti ya kwenda hospitali. Apande wiki hii.

Ni kweli mtu mcheshi huishi zaidi? – Shela

Ningependa iwe kweli, maana mji huu ungekuwa na wazee wa miaka mia kila baraza. Mwaka 1921 huko California watoto wapatao 1,500 walianza kufuatiliwa maisha yao yote. Walioishi zaidi hawakuwa wale wachangamfu, wachangamfu walitangulia. Walioishi ni wale watoto makini, wa kutimiza ahadi na kumaliza walichoanza. Mtu wa namna hiyo havuti sana, halewi sana, na akipewa vidonge vya mwezi huvimaliza. Lakini usinune kwa ajili ya barua yangu: kati ya watawa 180 wa Kikatoliki wa Marekani, walioandika habari zao ujanani kwa maneno ya furaha waliishi zaidi ya wenzao. Tofauti ni kwamba watawa wote walilala, walikula na waliishi namna moja. Mcheshi wa barazani ana pakiti ya sigara mfukoni.

Mama amemaliza eda mwaka jana. Tangu hapo haendi popote, sukari yapanda, miguu yamuuma. Tumletee vitamini? – Mwana, niko Mombasa

Vitamini za nini? Nyumba ilijaa watu miezi minne na siku kumi, kisha kila mtu akaenda zake. Mwaka 2010 tafiti 148 ziliunganishwa, watu zaidi ya 300,000: wenye jamaa na marafiki wa karibu walikuwa na nafasi ya kubaki hai zaidi kwa asilimia 50 hivi. Wanaume wana baraza zao hata wakistaafu. Mjane huachiwa redio. Mtafutie mjukuu wa kulala naye, shoga wa kufuatana naye kwenye darsa, na mtu wa kumpeleka kliniki ya sukari, hiyo miguu itazamwe. Nawe piga simu kabla ya kutuma pesa, si baada.

Nimeona kwenye WhatsApp watu wa damu O ni wakali. Kweli? – Matondoni

Hapana. Lakini kama kweli ni O, nenda ukatoe damu, kina mama wanaotokwa na damu wakijifungua waihitaji.