Upepo wa tairi za pikapu: 30 au 50? Inategemea umepakia nini

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza pikapu yako ya kubebea karafuu na ndizi kutoka Konde itiwe upepo kiasi gani, maana fundi tairi anakutilia 50 zote nne, jirani anakwambia 30 yatosha, na tairi za nyuma zimeshaanza kulika katikati. Nimeendesha pikapu za mizigo hapa Pemba miaka mingi, na pikapu haina namba moja. Tairi ya nyuma ikiwa tupu ina kazi nyingine kabisa na ile ya siku ulipopakia mapolo ya karafuu.

Anza na kibandiko. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, maandishi huenda usiyasome, lakini namba utazisoma. Ikiwa ni kPa, kila 100 ni psi 14.5 (psi ndicho kipimo cha hizo 30 na 50), kwa hiyo 200 ni 29, 240 ni karibu 35, 350 ni karibu 51. Ukikuta mistari miwili, mmoja ni wa gari tupu na mwingine wa gari yenye mzigo, na tofauti kubwa huwa nyuma. Ile namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi si maagizo ya gari yako. Inahusu kikomo cha tairi yenyewe. Nadhani fundi wako anaangalia hapo.

Ila kama gari ilikuja na tairi za kawaida na wewe umefunga za LT (tairi ngumu za gari ndogo za mizigo), usikifuate kibandiko kama kilivyo. LT hutaka upepo zaidi kubeba mzigo uleule.

Pima asubuhi, gari haijatembea. Tafadhali nunua geji yako mwenyewe, kwani hizi za kwenye kompresa huanguka chini kutwa, na mbili za mtaa mmoja hazikubaliani. Ukimaliza, paka mate kidogo kwenye valvu. Yakitoa povu, upepo unavuja.

Kisha chukua chaki. Chora mstari mnene kukata uso wa tairi, ukingo hadi ukingo, endesha kidogo kwenye lami iliyonyooka, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu na katikati imebaki, umepungua. Ifanye gari ikiwa tupu, uirudie ikiwa imepakia. Yangu, kwa tairi za kawaida, imetulia kwenye 32 mbele. Nyuma 30 tupu na 42 yenye mzigo. Hizo ni za gari yangu, usizichukue tu. Zako zitoke kwenye kibandiko na chaki.

Hiyo 50 ukiwa tupu ndiyo inayokula katikati, na hatari yake naiogopa zaidi kuliko gharama ya tairi: milima yetu ikilowa mvua, nyuma inarukaruka na kuteleza ukishika breki. Lakini 30 ukiwa umejaza pia usikubali. Ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi inapata moto, na moto ndio unaopasua tairi. Baada ya mwendo wa nusu saa na mzigo, pima tena: ikipanda zaidi ya psi 6 hivi, ulianza na upepo mdogo au umepakia kupita kiasi. Usiutoe upepo tairi ikiwa moto. Subiri ipoe, ndipo urekebishe. Na upepo hauongezi uwezo wa springi wala wa ekseli, kwa hiyo usijaze ndio upate kupakia zaidi.

Siku ukishuka mchangani kule Vumawimbi, punguza mpaka 20 hivi, gari ikiwa tupu, uende taratibu bila kukata kona kali. Chukua pampu ya kutia upepo tena kabla hujarudi kwenye lami. Na tairi ya spea ijaze kwa kiwango cha mzigo, kupunguza njiani ni rahisi kuliko kutafuta upepo.

Tuandikie namba za kibandiko chako na saizi ya tairi ulizofunga, tutazame za nyuma pamoja.